Mbigili, ndago na uwanja wa shule: ninavyofanya mimi

Beki wetu wa kushoto alikaa chini katikati ya mchezo, akapandisha mguu mmoja juu ya paja na kuanza kuchomoa. Refa alidhani ni rafu, akapuliza filimbi. Haikuwa rafu. Mtoto alikuwa anacheza peku, kama nusu ya wenzake, na alikuwa amekanyaga mbigili tatu kwa mpigo. Wageni walicheka. Mimi sikucheka, maana nilikuwa nimekabidhiwa idara ya mazingira miezi miwili tu nyuma, na Jumatatu ya wiki ile ile wanafunzi 30 waliochelewa namba walikuwa wamepewa adhabu ya kung'oa magugu kwenye uwanja ule ule.

Baada ya mechi nilikwenda kuangalia walichong'oa. Majani matupu. Kila mmoja alikuwa amekamata tawi, akavuta, likakatika mkononi, mzizi ukabaki chini na miba yote iliyokomaa imelala mchangani. Ningekuwa mimi niliyeadhibiwa, ningefanya hivyo hivyo.

Nafundisha Baiolojia katika sekondari moja ya kata kwenye tambarare ya Hai, chini ya barabara kuu ya Moshi kwenda Arusha. Huku si migombani. Ni jua, upepo, vumbi linaloingia mpaka kwenye chaki, na mbuzi wanaopita uwanjani wakielekea majini. Mvua tunazipata Machi hadi Mei, na vuli kidogo kuanzia Oktoba au Novemba, zikijisikia. Nimehangaika na uwanja huu miaka 11. Hapa chini naeleza ninavyofanya, pamoja na niliyoyakosea, kwa ajili ya mwalimu mwenzangu aliyekabidhiwa idara hii leo akapewa na fagio.

Acheni kwanza kukwangua

Shule nyingi zimerithi imani kwamba uwanja safi ni udongo mtupu, uliokwanguliwa kwa jembe na kufagiliwa mpaka ukabaki na michirizi ya chelewa. Mgeni akija anasifia. Nami nilisifiwa hivyo mwaka mzima. Lakini udongo mtupu ni kitalu. Mbegu za mbigili, kishona nguo na mchicha pori hulala humo miaka kadhaa zikisubiri mwanga, joto na nafasi, na jembe la juu juu linazipa vyote hivyo kwa asubuhi moja. Linaondoa pia ukoka, ambao ungezifunika.

Nilikuja kuliona hili nyuma ya tangi la maji. Pale bomba lilikuwa linavuja, pamekuwa na unyevu, na kwa kuwa si mbele ya ofisi hakuna aliyepakwangua. Ukoka ulikuwa umejishona kama mkeka. Nilipiga magoti, nikatafuta mbigili kwa vidole. Hamna hata moja. Hatua 15 kutoka pale, kwenye udongo uliofagiliwa kila asubuhi, zilikuwa zimetandaa kama vitambaa vya meza.

Tangu siku hiyo kazi yangu si kuondoa magugu tu, ni kuziba upara. Gugu linaloondolewa leo lazima mahali pake paingie ukoka, la sivyo umelifanyia usafi tu ili lirudi likiwa na nafasi zaidi.

Kabla ya kuanza, pima. Tulimwomba fundi wa kuchomelea atutengenezee fremu ya mraba, mita 1 kwa mita 1, ya chuma chembamba. Mwanafunzi anasimama uwanjani, anageuka kisogo, anairusha. Ilipoangukia tunaangalia: kilichojaa humo ni ukoka, ni gugu, au ni udongo mtupu? Tunarusha mara 20 sehemu mbalimbali na kuandika daftarini. Mara ya kwanza tulipata upara 11, gugu 7, ukoka 2. Unaweza kudhani ni mchezo wa watoto, lakini bila namba hizo kila mtu ana maoni yake, na mkuu wa shule ataamini macho yake ya dirishani.

Mbigili

Mbigili ninayoisema ni ile inayotambaa kama gurudumu la baiskeli: mzizi mmoja katikati, matawi yanakwenda pande zote, vijani vidogo vimekaa jozi jozi, ua la njano lenye petali tano. Sehemu nyingine za nchi jina hili hupewa mmea mwingine, wenye majani yaliyokatwa katwa pembeni na kijitunda chenye miba mitatu kiunoni. Huo nao ng'oeni, ila namna yake ya kuishi si hii.

Tunda la hii yetu likikauka hugawanyika vipande vitano, na kila kipande kina miba miwili mirefu iliyokaa kama pembe za mbuzi. Kiweke mezani utakavyo, mwiba mmoja utatazama juu. Darasani niliwapa vijana wa kidato cha pili wakiangushe mara kumi kumi. Wakaacha kubisha.

Kuanzia kuota mpaka kutoa ua ni wiki 3 hadi 5, na matunda hayakawii baada ya ua. Kwa hiyo kama unapitia uwanja mara moja kwa muhula, unapitia makaburi: miba imeshaanguka. Sisi mvua za kwanza zikinyesha tunahesabu siku 14, tunapita. Tunahesabu 14 nyingine, tunapita tena, mpaka mvua zikate. Mara ya kwanza na ya pili ndizo zenye kazi. Baadaye ni kuokoteza.

Namna ya kuitoa ni hii. Usivute tawi. Fuata tawi mpaka kitovuni, ingiza kisu kwa mshazari, kata mzizi sentimita 3 hadi 5 chini ya udongo. Mbigili ni mmea wa msimu mmoja. Ukiikata chini ya kitovu haichipui. Kisha inyanyue yote kwa pamoja kutoka chini, kama unavyonyanyua chapati, iingie kwenye gunia. Ukiiburuta mpaka kwenye toroli, umeipanda njia nzima. Na ukiona vitunda vya kijani usijidanganye kwamba bado: vinaendelea kukomaa hata mmea umeshang'olewa. Gunia linakwenda kwenye shimo la kuchomea. Tusiitie kwenye mboji.

Sasa ile miba iliyokwisha anguka. Hapa ndipo uchokozi wangu na godoro ulipoanza. Hosteli ya wasichana walikuwa wanatupa godoro la sponji lililochakaa. Nikakata kipande kama mita 1 kwa upana, nikafunga kamba pembe mbili za mbele, tukaweka juu matofali manne, vijana wawili wakavuta polepole kuelekea golini. Tulipoligeuza upande wa chini, lilikuwa limesimama miba kama nungu. Kijana mmoja akasema, "Madam, hii ndiyo dawa." Tulivuta eneo la mbele ya goli mara sita siku ile, na bado mara ya sita lilitoa punje 40 na kitu.

Lifanyeni udongo ukiwa mkavu, Agosti au Septemba, kabla ya vuli. Udongo ukiwa na maji miba inazama, godoro linateleza juu. Blanketi zito kuukuu linafaa pia, lakini sponji inashika vizuri zaidi. Anayechomoa miba avae viatu na glovu, na asikae chini kwa haraka. Nasema kwa uzoefu.

Ndago

Ndago ni kitu kingine kabisa, na aliyezoea kushinda mbigili huwa anaaibika hapa. Inafanana na nyasi kwa mbali. Ishike shina, lizungushe kati ya kidole gumba na cha shahada: shina la nyasi ni mviringo, la ndago lina pembe tatu. Watoto wanaikumbuka haraka kwa vidole kuliko kwa picha.

Mwaka wa pili niliamua kuimaliza kwa kung'oa. Tuliing'oa Jumamosi nzima kona ya kaskazini, tukajipongeza, nikanunua na soda. Baada ya wiki tatu kona ilikuwa na ndago nyingi kuliko mwanzo. Mzee wetu mlinzi alinikuta nimesimama naangalia. Nilimwamkia, akaitikia, halafu akaniambia, "Mwalimu, hiyo haing'olewi. Hiyo inachoshwa." Akachukua jembe uma langu, akachimba shina moja taratibu bila kukata kitu, akalifuata kama mtu anayefuata waya wa umeme ukutani. Chini ya shina kulikuwa na kiazi cheusi kidogo kama haragwe. Kutoka hapo uzi mweusi mgumu, kiazi kingine, uzi, kiazi. Tulihesabu tisa kwenye shina moja, na vyenye chipukizi vilikuwa viwili tu. Vingine vilikuwa vimelala.

Hapo nikaelewa kosa langu. Ukivuta ndago unakata uzi. Vile viazi vilivyokuwa vimelala kwa sababu mama yao yuko juu, vikibaki peke yake vinaamka kila kimoja kivyake. Nilikuwa nimezidisha.

Kuna njia mbili tunazotumia. Ya kwanza ni kuichosha kama Mzee alivyosema: kila chipukizi linapotoka likatwe, bila kusubiri lilee viazi vipya. Kwa hali yetu ni kila wiki 2, si zaidi ya 3. Kila chipukizi linatumia akiba ya kiazi. Ukikata mara nyingi akiba inaisha. Ni kazi ya misimu, na kinachoharibu ni likizo. Mkiacha mwezi mmoja mmerudi mwanzo. Ndiyo maana wakati wa likizo nawapa kazi hii wanafunzi wanaoishi jirani na shule, wawili wawili, kwa makubaliano na wazazi wao, na shule inawalipia kitu kidogo.

Ya pili ni kwa kidonda kidogo, tuseme mita 3 kwa 3. Julai au Agosti udongo ukiwa mkavu, chimba kwa jembe uma kina cha sentimita 20 hadi 25, kwa sababu viazi vingi viko humo. Chekecha udongo. Sisi tunatumia waya wa chanja ya kuanikia kahawa uliopigiliwa kwenye fremu ya mbao, maana huku chanja zilizochoka hazikosekani. Waya wa banda la kuku una matundu makubwa, viazi vinapita. Vilivyobaki juu vianikwe kwenye bati juani mpaka vikiminywa vivunjike kama biskuti, ndipo vichomwe. Kiazi cha ndago kikikauka kweli kinakufa, na kikibaki na unyevu ndani kinarudi. Udongo uliochekechwa unarudishwa shimoni na kupandwa ukoka mvua zikianza.

Kufunika kwa nailoni nyeusi nilijaribu. Ndago ilitoboa nailoni. Nina kipande chake mpaka leo, naonyesha darasani.

Kama ndago iko bustanini na si uwanjani, una bahati, kwa sababu haipendi kivuli. Pandeni viazi vitamu, vifunike ardhi vizuri, misimu miwili. Haitakwisha, ila itapungua mpaka mchicha upate nafasi.

Gugu karoti, na mengine kwa haraka

Gugu karoti nalitenga kwa sababu halihusu miguu, linahusu ngozi na pumzi. Asili yake ni Amerika, na hapa nchini lilitambuliwa Arusha mwaka 2010. Huku kwetu limeteremka na barabara. Majani kama ya karoti, vijiua vyeupe vidogo juu, likifika kiunoni limeshatoa mbegu kwa maelfu. Poleni na majani yake huwasha, huleta upele, na mwenye pumu linamzidishia. Basi sheria yangu ni moja: wanafunzi hawaligusi. Wanaliripoti. Analing'oa mtu mzima mwenye glovu ndefu, mikono mirefu na kitambaa puani, asubuhi udongo ukiwa na unyevu, kabla halijatoa maua. Kisha linachomwa, na anayechoma anasimama upande upepo unakotoka. Msiwape ng'ombe; wenye ng'ombe wa maziwa wanalijua, linaingiza uchungu kwenye maziwa.

Kishona nguo: fyeka kabla mbegu hazijawa nyeusi, maana baada ya hapo kila sweta la shule ni gari lake la abiria. Kongwa, lile lenye ua la buluu: usilikatekate kwa jembe na kuliacha hapo, kila kipande chenye kifundo kinaota, likusanye. Zile nyasi ngumu zinazoota kama feni, bapa, kwenye njia za kukanyagwa: hizo zinakuambia udongo umeshindiliwa, na usipoulegeza utazing'oa mpaka ustaafu. Ndugu zangu wa Tanga na Pwani mna kifauwongo chenye miba, mimi huku sina, lakini dawa yake ni ile ile ya kukata chini ya kitovu mkiwa na glovu, na kuziba pengo.

Siku ya kazi

Kwanza nililiomba baraza la walimu lisitumie uwanja kama adhabu tena. Ilichukua vikao viwili. Wapo waliosema, sasa wanaochelewa wafanye nini? Sijui, wafagie ngazi. Uwanja unahitaji mtu anayejua anachokitafuta na asiye na hasira.

Uwanja wetu ni mita 90 kwa 60. Tunaugawa kwa kamba na vigingi kuwa vipande vya mita 10 kwa 10, vinatoka 54. Kila kundi la wanafunzi sita au saba lina vipande vyake mwaka mzima, na namba zake zimeandikwa kwenye ubao wa matangazo. Kundi likijua kipande namba 31 ni chao, wataona mbigili imeota hata wakiwa wanapita kwenda chooni. Kabla ya hapo tulikuwa tunaingia wote 200 kwa mkupuo, tunakanyaga tunachokitafuta.

Siku nzuri ni ya pili baada ya mvua, asubuhi, kabla jua halijakausha. Siku ya mvua yenyewe udongo unashikamana na mizizi na miguu inauchapa uwanja. Dakika 40 zinatosha. Ukizidisha saa moja, mikono inaanza kudanganya.

Kwenye fomu ya kujiunga kila mwanafunzi anaambiwa aje na jembe, fyekeo, fagio na ndoo. Vyote hivyo uwanjani havifai sana. Chombo chetu ni kipande cha nondo ya milimita 12, urefu wa mkono kuanzia kiwiko mpaka vidole, ncha yake imepigwa bapa na kupasuliwa mdomo kama ulimi wa nyoka, upande wa juu kimefungwa mpira wa tairi. Unakichomeka ubavuni mwa mzizi, unabinya, unainua. Fundi alitutengenezea 30 kutokana na mabaki ya nondo za jengo la maabara. Chombo kinanolewa na kuhesabiwa asubuhi, kinahesabiwa tena jioni, na kinafungiwa stoo, maana ni chuma chenye ncha na hawa ni watoto.

Ukoka wenyewe

Nyasi za uwanja wa jua kali ni ukoka, na hazinunuliwi. Zinachimbwa kandokando ya mfereji au pale nyuma ya tangi lako. Ila zikague kwanza: ukichukua zilizochanganyika na ndago umejipandia ndago kwa mikono yako, tena kwa mstari.

Mvua zikishakolea, mwanzoni mwa Aprili kwetu, lainisha udongo, kata vipande vyenye vifundo vitatu au vinne, panda kwenye vijifereji vyenye kina cha sentimita 5, mstari hadi mstari sentimita 25, ncha ibaki nje. Kanyaga uzuri, ili mzizi ushike udongo. Kisha weka kamba nyekundu pande zote na usiruhusu mtu aingie wiki 6 hadi 8. Hapo ndipo utakapogombana na mwalimu wa michezo, kwa sababu UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari, iko mlangoni. Sisi tunapanda robo ya uwanja kila mwaka, na mazoezi yanahamia robo tatu zilizobaki. Mwaka wa kwanza nilitaka uwanja mzima kwa mara moja. Vijana walicheza barabarani, na nilistahili maneno niliyoambiwa.

Ukoka ukishashika, fyeka mara kwa mara bila kunyoa. Masika ni kila siku 7 hadi 10, kiangazi hata mwezi. Acha sentimita 3 au 4 juu ya ardhi, na usiondoe zaidi ya theluthi ya urefu wa jani kwa mara moja. Ukinyoa mpaka chini mizizi inafupika, udongo unaona jua, na mbigili inakuwa imepewa barua ya mwaliko. Kwa bahati njema huku majani ni mali. Kina mama wanaofuga ng'ombe wa ndani huko juu vihambani, kwenye mashamba ya migomba, hutelemka kutafuta malisho. Wawili watatu wanakuja kwetu kila Jumamosi ya masika, wanafyeka kwa zamu na kuondoka na mzigo. Mama mmoja kati yao ndiye aliyenionyesha kunoa fyekeo upande mmoja tu.

Paliposhindiliwa, hasa mbele ya magoli, toboa kwa jembe uma: chomeka kina cha sentimita 10, tikisa kidogo, chomoa, songa mbele kiganja kimoja. Usifukue. Fanya hivyo Machi mvua zikianza.

Na samadi. Mwaka wa nne nilipewa toroli 20 za samadi ya mbuzi bure, nikafurahi, nikasambaza uwanja mzima ikiwa bado mbichi. Mwezi uliofuata uliota msitu: mchicha miba, kishona nguo, na vitu nisivyowahi kuviona shuleni kwetu. Mbuzi anakula mbegu, na nyingi zinapita tumboni zikiwa hai. Siku hizi samadi inakaa kwenye lundo lililofunikwa miezi 3 au 4, inageuzwa kila wiki mbili, na haitoki mpaka nikiingiza mkono nisisikie joto wala harufu ya mkojo.

Kuhusu dawa

Kila mwaka kuna mtu anakuja na bomba mgongoni kuniambia atamaliza kila kitu kwa nusu siku. Shule moja niliyoitembelea walikubali. Alipuliza glaifosati uwanja mzima, na glaifosati haichagui: ukoka ulikufa pamoja na magugu. Uwanja ulikuwa wa kahawia, safi, kila mtu akampongeza. Mvua zilipokuja hapakuwa na kitu cha kufunika udongo, na wa kwanza kuota walikuwa mbigili. Wamerudi nyuma miaka.

Zipo dawa zinazoua majani mapana na kuacha nyasi, kama zenye 2,4-D, lakini mimi uwanjani siziweki. Watoto wanacheza peku, wanaanguka, wanakula embe bila kunawa. Tena mwaka 2015 taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani iliiweka glaifosati kwenye kundi la vitu vinavyoelekea kusababisha saratani. Wataalamu wengine wanabishana na hilo, nami si mtaalamu wa saratani, ila nina watoto 600 na nondo 30, kwa hiyo sina haraka.

Ikiwa bodi yenu imeamua kupuliza, tuseme kwenye uzio au kandokando ya njia ya magari, basi iwe likizo ndefu, apulize mtu mzima aliyefundishwa na mwenye vifaa vya kujikinga, dawa iwe imesajiliwa na TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, na lebo yake isomeke, asubuhi isiyo na upepo, na kibao cha onyo kikae mpaka muda ulioandikwa kwenye lebo uishe. Paraquat msiiruhusu kuvuka geti. Funda moja tu linaweza kumuua mtu, na hakuna dawa ya kuiondoa mwilini. Kopo likiisha lisuuzwe mara tatu, maji ya suuza yarudi kwenye bomba, kisha litobolewe. Nasisitiza litobolewe, kwa sababu niliwahi kukuta dumu la dawa kwenye foleni ya maji, mtoto wa kidato cha kwanza amelishika, limeoshwa vizuri linang'aa. Lilikuwa limetupwa nyuma ya stoo.

Oili chafu na chumvi wanazomwaga watu kwenye mistari ya uwanja, nazo acheni. Zinaua mstari huo miaka, halafu kila upande wa mstari unakuwa na ukanda wa magugu. Chokaa isiyozimwa inachoma macho. Sisi tunachora mistari kwa majivu yaliyochekechwa, yanafutika na mvua, tunachora tena.

Pembeni mwa uwanja

Magugu mengi hayaanzii katikati. Yanaanzia kwenye uzio, kwenye mtaro, na nyuma ya choo ambako hakuna anayetaka kwenda. Acheni ukanda wa mita 2 kuzunguka uwanja unaofyekwa kwa ratiba ile ile ya uwanja.

Huko pembeni kuna mimea miwili ambayo sing'oi kwa ajili ya mpira bali kwa ajili ya watoto wadogo wa shule ya msingi tunaopakana nao. Mnanaha, wenye ua refu jeupe kama tarumbeta na tunda la miba, mbegu zake ni sumu na zinaleta wazimu wa muda, hata kifo. Na mnyonyo, ambao punje zake zina madoadoa mazuri mno mkononi mwa mtoto wa darasa la pili. Yote miwili inatolewa kabla ya kuzaa, bila mjadala.

Lango la wachezaji tumeliwekea gunia la katani lililolowa, limepigiliwa kwenye ubao, na brashi ngumu imefungwa kwa kamba. Timu ngeni zikishuka kwenye gari zinafuta viatu hapo, na baiskeli zinaegeshwa nje. Mwanzoni waliona kama tunawadharau. Nilimwita nahodha wao, nikamgeuzia soli ya kiatu chake, nikamhesabia punje saba.

Machi iliyopita tulirusha fremu tena mara 20. Ukoka 14, gugu 2, upara 4. Upara wote huo wa mara nne uko mbele ya goli la upande wa barabara, ambako hata jembe uma halisaidii kwa sababu kila mtu anafanyia mazoezi hapo hapo. Muhula ujao tunalisogeza goli hilo mita 6 kuelekea tangi la maji, na fundi ameshakuja kupima mashimo.